Mlango wa gereji wa mtumba, futi 16 kwa 7, laki tisa na nusu: ninunue au niache?

#1 Mzee wa Goba
Wakuu, habari za jioni.

Kuna mlango wa gereji wa mtumba Temeke, kwenye yadi ya vifaa vya nyumba vilivyokuja na kontena kutoka Marekani. Ni ule wa paneli zinazopanda juu na kulala chini ya dari, siyo shata. Paneli nne, nyeupe, bati nje na ndani na povu katikati. Upana futi 16, kimo futi 7. Muuzaji anataka 950,000 pamoja na reli, springi mbili, shafti na mota. Umeshafunguliwa: paneli zimeegeshwa ukutani, vyuma vidogo viko kwenye kiroba.

Uwazi wangu ni upana mita 4.60, kimo mita 2.30. Kutoka chini ya linta hadi zege la dari ni sentimita 25. Kwa ndani nina ukuta wa sentimita 40 kila pembeni. Kina cha gereji ni mita 6.

Kanitumia video ya mlango ukiwa bado kwenye nyumba ulikotoka. Ukipanda, upande wa kulia unatangulia kama vidole vinne, halafu mlango unasita katikati ndipo unaendelea. Yeye anasema ni mafuta tu.

Ninunue, au nichomeleshe geti la kawaida yaishe?

#2 Mama Fremu
Achana nao. Fundi wa shata anakutengenezea kwa kipimo cha uwazi wako, linafungwa kwa siku moja, na likiharibika kila mtaa una mtu wa kulitengeneza. Mlango wa futi kwa nchi ya mita ni kujitafutia kazi.

#3 Bati Geji 28
Futi 16 ni mita 4.88, futi 7 ni mita 2.13. Kwa upana umezidi sentimita 28, kwa kimo umepungua sentimita 17. Haukai hapo mkuu.

#4 Timazi
#3, upana si tatizo. Mlango wa paneli haukai ndani ya uwazi kama mlango wa chumbani, unakaa nyuma ya ukuta kwa ndani na kuufunika uwazi. Ukizidi sentimita 14 kila upande, ongeza sentimita 10 za reli na breketi zake, jumla 24. Mleta mada ana 40. Unakaa vizuri.

Kimo nacho kitazameni upya, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea. Mlango wa aina hii unahitaji nafasi kati ya ncha yake ya juu na dari ili upate kona ya kujikunja. Reli yenye kona ya nusu kipenyo inchi 12 inataka kama sentimita 30. Yenye kona ya inchi 15 inataka kama 37. Mota ikiwepo ongeza 8. Mlango wenye kimo sawa na uwazi wako, yaani 2.30, ungekuachia sentimita 25 tu juu, usingefunguka mpaka utafute reli za mistari miwili za dari fupi. Huu wa 2.13 unakuachia 42. Kona ikiwa ya inchi 12, jumla na mota ni 38, unapita. Ikiwa ya inchi 15, jumla ni 45, haupiti.

Kwa hiyo ule ufupi ndio unaokuokoa. Utashusha linta kwa sentimita 20 hivi: skwea paipu mbili za mm 100 kwa 50 zilizolazwa moja juu ya nyingine kimo cha 100 kila moja, zifungwe kwa boliti za kutanuka za mm 12 kwenye nguzo zote mbili, usawa upimwe kwa pima maji. Hapo mlango utafunika sentimita 3 juu ya uwazi mpya.

Kupima kona ya reli bila mahesabu: weka rula kwenye sehemu iliyonyooka ya wima, nyingine kwenye sehemu iliyonyooka ya mlalo, zikutane kwa pembe mraba. Kutoka zinapokutana hadi mkunjo unapoanza ndiyo nusu kipenyo.

#5 Mama Fremu
Na gari je? Akishusha linta hadi 2.10 HiAce ya paa refu haiingii tena.

#6 Timazi
Kweli kabisa, hiyo ina zaidi ya mita 2.2. Na Land Cruiser yenye keria la juu ipimwe kabla. Gari ndogo na Noah hazina shida.

#7 FundiSpringi
Mzee wa Goba, bei ya paneli isikuchukulie muda. Mlango huu ni mizani: upande mmoja paneli, upande mwingine springi. Zikilingana, mtoto wa darasa la nne anaunyanyua kwa mkono mmoja. Zisipolingana, mota inakufa ndani ya miezi au mlango unashuka kama jiwe siku umeme umekatika na mtu kavuta ile kamba nyekundu ya kuachanisha mota. Nenda na kalipa, futi, kamba na mizani. Pima haya:

Paneli moja moja, kwenye mizani ya kupimia nafaka. Andika kila moja. Kisha weka bawaba, roli na vyuma vyote vya kukazia paneli kwenye kiroba kimoja, upime.

Springi: hakikisha zimelegea kabisa, hazina mkazo. Banisha mizunguko 20 ishikane, pima urefu wake, gawanya kwa 20. Huo ndio unene wa waya. Usipime mzunguko mmoja kwa futi, utakosea. Kisha kipenyo cha ndani na urefu wote wa springi.

Dramu, yale magurudumu mawili yenye mifereji ambayo kebo inajizungusha: zungusha kamba mara moja kwenye mfereji, pima kamba. Dramu ya kawaida ya inchi 4 inatoa kama sentimita 32.

Leta namba hapa.

#8 Bati Geji 28
Mkuu #7, yote hayo kwa mlango wa mtumba? Springi si springi tu, ikizidi nguvu unapunguza mizunguko.

#9 FundiSpringi
Hapana kaka. Mizunguko ya kukaza haichagui nguvu, inaamuliwa na kimo cha mlango. Kimo cha sentimita 213 ukigawa kwa 32 ni mizunguko 6.7, unaongeza kama robo tatu ya mzunguko ili kebo ibaki imekaza mlango ukiwa juu kabisa. Ndiyo maana mlango wa futi 7 unakazwa mizunguko saba na nusu, yaani robo 30. Ukipunguza hadi sita kwa sababu springi ni kali, mlango ukifika juu kebo inalegea, inaruka nje ya dramu, na unapata ule ugonjwa wa kupanda upande.

Na unene unahesabika kwa kipeo cha nne. Waya wa mm 5.7 na wa mm 6.2, jicho halitofautishi. Springi zikiwa na idadi sawa ya mizunguko ya waya, ile ya 6.2 inasukuma karibu asilimia 40 zaidi.

#10 Binti Kisauni
Kwa sisi wa pwani mwanzo ni kutu. Angalia paneli ya chini peke yake kwa dakika tano nzima. Chomoa raba ya chini kwenye mfereji wake uone bati lililojificha ndani, maana maji yanakaa hapo. Bonyeza kwa kidole gumba sentimita kumi za mwisho kila kona. Ukisikia bati linanong'ona kama karatasi, kutu imeshakula kwa ndani na rangi ndiyo iliyobaki.

Kisha breketi mbili za pembe za chini, zile zinazoshika kebo. Hizo ndizo zinazobeba mlango wote. Zikiwa na ufa au tundu lililotanuka, usichomelee, weka mpya. Kebo nayo inaanza kukatika pale inapoingia kwenye breketi, sentimita 20 za mwisho. Pitisha kitambaa, kikinasa kuna nyuzi zimekatika. Kebo ya mlango huu ni mm 3. Msikubali fundi awawekee waya wa klachi ya pikipiki.

#11 Chuma Ulete
Nirudi kwenye video. Kulia kutangulia vidole vinne maana yake springi moja imechoka. Upande wenye springi nzima unavuta, mwingine unachelewa. Badilisha springi zote mbili kwa pamoja, ugonjwa umekwisha.

#12 FundiSpringi
Hilo si sahihi kwa mlango huu, ingawa linasemwa sana. Springi zote mbili zimefungwa kwenye shafti moja, na dramu zote mbili ziko kwenye shafti hiyohiyo. Springi ya kushoto ikiwa dhaifu na ya kulia kali, shafti inapokea jumla yake na kuzungusha dramu zote sawasawa. Mlango utakuwa mzito au mwepesi, lakini hauinami. Maelezo yako yanafaa kwa milango ya springi za kuvutika, zile zinazolala juu ya reli, kila upande na yake.

Kuinama kunatoka kwenye kebo au dramu. Dramu imeshikwa na skrubu mbili tu za kubana. Zikilegea, dramu inateleza kwenye shafti kidogo kidogo, na upande huo unabaki nyuma. Mzee akague shafti upande wa kushoto: kuna mikwaruzo ya duara au alama za skrubu zaidi ya mahali pamoja? Hapo atakuwa na jibu.

#13 Chuma Ulete
Nimekuelewa kwa shafti moja. Lakini milango mipana shafti mara nyingi ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa kapulingi. Kapulingi ikilegea, kila springi inabeba upande wake, na tunarudi kwenye nilichosema.

#14 FundiSpringi
Hapo upo sawa. Aangalie shafti ni moja au mbili.

#15 Timazi
Mimi naona reli. Mlango kusita katikati na kuinama kwa pamoja ni dalili ya reli moja kutokuwa timazi. Roli upande mmoja zinabanwa, upande ule unachelewa, kebo yake inabaki ikivuta mpaka zinaachia ghafla. Ukifunga upya nyumbani kwako kwa timazi, tatizo linabaki Marekani. Ila reli iwe haijapinda: ilaze sakafuni iliyonyooka, tazama kwa jicho moja kutoka mwisho.

#16 Ohio Baridi
Salaam kutoka huku. Video ilipigwa majira gani? Watu hupaka girisi ndani ya reli, kosa kubwa. Girisi inashika vumbi, ikifika baridi inakuwa kama nta, na roli zinasita. Reli hupanguswa kavu. Mafuta yanawekwa kwenye beringi za roli, kwenye bawaba, na utando mwembamba kwenye springi. Kwa hilo muuzaji anaweza kuwa anasema kweli.

Huku fundi akifunga mlango mpya huondoka na ule wa zamani, na mwingi unaishia chuma chakavu. Wanabadilisha kwa sababu paneli imegongwa, au springi imekatika na mwenye nyumba kaona heri abadilishe vyote. Kwa hiyo mtafute kile kilichosababisha ung'olewe.

#17 Muttrah
Mimi niko Maskati. Paneli za bati mbili na povu zikipigwa na jua la mchana, bati la nje linatanuka kuliko la ndani na paneli inapinda kama upinde. Kwa upana wa karibu mita tano unaona kwa macho. Mchana mlango unasita, usiku unateleza. Nyeupe ina nafuu kubwa kuliko kahawia au nyeusi. Mlango wako utatazama magharibi?

#18 Mzee wa Goba
Asanteni sana wakuu. Utatazama mashariki. Kwenye video watu wamevaa makoti mazito, kwa hiyo jua silo. Kesho naenda na mizani.

#19 Bati Geji 28
Kumbe makoti. Shekhe wa Maskati, jua lako limeahirishwa.

#20 Muttrah
Limeahirishwa kwenye video. Goba litakuwepo kila asubuhi.

#21 Umeme Jua
Mota hamjaigusa. Ya Marekani ni volti 120, hezi 60. Kwetu ni 230 na 50. Mtu atakwambia weka transfoma ya kushusha. Transfoma inashusha volti, hezi haigusi. Mota ya AC iliyoundwa kwa hezi 60 ukiiendesha kwa 50 inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake na inavuta mkondo zaidi kwenye koili, kwa hiyo inapata joto. Kwa mlango unaofunguliwa mara nne kwa siku, sekunde 15 kila mara, itavumilia. Kwa geti la ofisi linalofunguka kutwa, itaungua.

Mota ya DC haijali hezi, maana umeme unageuzwa ndani kwanza. Kuitambua: fungua kifuniko. Ukiona kapasita kubwa ya silinda iliyo peke yake karibu na mota, ni AC. Ukiona bodi yenye transfoma yake ndogo na nafasi ya betri ya akiba, mara nyingi ni DC.

Transfoma iwe ya VA 1000 hadi 1500 kwa mota ya nusu farasi. Na mjue inakula yuniti za LUKU saa 24 hata mota ikiwa imelala, hivyo iwekewe swichi.

Macho mawili ya usalama, yale yanayohisi mtu au kitu chini ya mlango, yapo kwenye kiroba? Marekani tangu mwaka 1993 mota za nyumbani zinatakiwa kuwa na kinga ya kuzuia mtu asibanwe, na nyingi zinatumia macho hayo. Bila macho mota itafungua lakini itakataa kufunga, isipokuwa ushikilie kitufe cha ukutani mpaka mwisho. Yanafungwa yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Kwa mlango wa mashariki, jicho la kupokea liwe upande ambao jua la asubuhi haliliingii.

#22 Mama Fremu
Na rimoti za mwenyewe wa zamani?

#23 Umeme Jua
Swali zuri bi mkubwa. Mwenye rimoti ya zamani hayuko Dar, lakini ziko zilizochanganyikana yadi. Nyingi zina kitufe cha kujifunza nyuma ya mota: kishikilie kama sekunde sita hadi taa yake izime, kumbukumbu yote inafutika. Kisha uingize rimoti zako. Ikiwa ni ya kizamani yenye swichi ndogo ndogo za juu na chini, ibadilishe tu, namba zake zinanakiliwa kirahisi.

#24 Mzee wa Goba
Nimerudi wakuu. Vipimo hivi hapa.

Paneli: ya chini kilo 19.5, mbili za kati 18 na 18, ya juu 20.5 na chuma chake cha kukazia kikiwa juu yake. Kiroba cha bawaba na roli kilo 9. Jumla 85.

Springi ya kushoto: mizunguko 20 ni mm 114. Ya kulia: mizunguko 20 ni mm 124. Zote kipenyo cha ndani mm 51, zote urefu sentimita 81.

Dramu: kamba sentimita 32. Shafti ni moja, haina kapulingi. Upande wa kushoto ina mikwaruzo, lakini hata kulia ipo. Reli ina kona ya inchi 12. Reli ya kushoto imebonyea kidogo kama mita moja kutoka chini, imenyooshwa kwa nyundo. Mota ina kapasita kubwa. Macho lipo moja.

#25 Chuma Ulete
Kwa hiyo springi ni tofauti. 5.7 na 6.2!

#26 FundiSpringi
Ni tofauti, ndiyo, na bado hazikuinamisha mlango. Shafti ni moja. Lakini tuzipigie hesabu, maana zinasema kitu.

Nguvu ya kuzungusha kwa kila mzunguko ni unene wa waya kwa kipeo cha nne, mara 200,000, gawanya kwa zao la 10.8, kipenyo cha katikati na idadi ya mizunguko ya waya. Kila kitu kwa milimita, jibu ni nyutoni-milimita.

Kushoto: 810 gawanya kwa 5.7 ni mizunguko 142, kipenyo cha katikati 56.7. Jibu kama 2,430.
Kulia: 810 gawanya kwa 6.2 ni mizunguko 131, kipenyo cha katikati 57.2. Jibu kama 3,650.
Jumla 6,080. Zidisha kwa mizunguko saba na nusu ya kukaza: 45,600. Gawanya kwa nusu kipenyo cha dramu, mm 51: nyutoni 894. Hiyo ni kilo 91.

Mlango wako ni kilo 85. Kwa hiyo pea hii, pamoja na kutofanana, inabeba mlango wenye kilo 6 zaidi ya ulionao. Si mbaya kama nilivyohofia. Aliyeweka springi ya pili hakubahatisha, alipigia hesabu mlango wa kilo 91.

#27 Ohio Baridi
Kilo 6 ni chuma cha kukazia kilichopotea. Mlango wa futi 16 hauna kazi ya kuwa na chuma kimoja juu tu. Kile kirefu cha umbo la U cha inchi 3, urefu wa mlango mzima, kinacheza kilo 5 na kitu. Mzee, angalia paneli ya pili kutoka chini na ya tatu, kwa ndani: kuna safu ya matundu matupu ya skrubu kutoka mwisho hadi mwisho?

Kama yapo, usiufunge bila kukirudisha. Mlango ukiwa umelala chini ya dari unashikwa na roli za pembeni tu, na katikati yake ya mita karibu tano inaning'inia. Utaanza kupinda tumboni, kisha paneli inavunjika kwenye mstari wa bawaba za katikati.

#28 Binti Kisauni
Au paneli zilikuwa na maji kwenye povu, zikakauka yadi.

#29 Ohio Baridi
Zingetofautiana dada. Za kati ni 18 na 18 kamili. Ya chini kuzidi kilo moja na nusu ni mfereji wa raba na raba yenyewe.

#30 Binti Kisauni
Hapo nakubali kwa za kati. Ya chini mimi bado ningeifungua raba, maana vipimo vyake havijasema kama bati lake ni zima.

#31 Timazi
Na ile reli ya kushoto iliyobonyea mita moja kutoka chini? Mlango unasita katikati, upande wa kushoto ndio unaochelewa. Wakuu, mnatafuta mbali.

#32 Chuma Ulete
Reli inaweza kuwa imebonyea wakati wa kung'oa au kupakia kontena. Ilinyooshwa lini, hatujui.

#33 FundiSpringi
Na mikwaruzo ya shafti ipo pande zote, kwa hiyo hata hoja yangu ya dramu haijathibitika. Inaweza kuwa ni alama za kufungua tu.

Kitu kimoja cha kuzingatia kwenye pea hii: ile nene ndiyo itakayokatika kwanza, siyo nyembamba. Urefu ni mmoja, mizunguko ya kukaza ni ileile, lakini waya nene unajikunja kwa mkazo mkubwa zaidi. Kwa namba zake, ya kulia inafanya kazi kwa mkazo unaozidi wa kushoto kwa karibu asilimia 17.

#34 Chuma Ulete
Kama ya kulia ni mpya na ya kushoto ilikuwepo tangu mwanzo, ya kushoto ina umri mkubwa. Springi ya kawaida inahesabiwa mara 10,000 za kufungua na kufunga. Mara nne kwa siku ni 1,460 kwa mwaka, karibu miaka saba. Mimi naweka ya kushoto itangulie.

#35 FundiSpringi
Inawezekana. Vyovyote, koni, vile vyuma vinavyoshika ncha za springi, zikaguliwe zisiwe na ufa, na rangi zake zitazamwe. Kwa za Marekani koni nyekundu ni springi iliyosokotwa kulia, nyeusi ni ya kushoto. Ukisimama ndani unaangalia nje, iliyosokotwa kulia inakaa kushoto kwa breketi ya katikati. Muuzaji akisema "ya kulia" anaweza kumaanisha chochote, na ukizigeuza, ukikaza zinajifungua.

#36 Bati Geji 28
Na kukaza? Mafundi wetu wa geti watatumia bisibisi.

#37 FundiSpringi
Wasithubutu. Bisibisi ikichomoka, meno yanakwenda. Koni ina matundu manne ya nusu inchi. Tumia vyuma viwili vya duara, laini, mm 12.7, urefu sentimita 45. Cha mm 10 kinapwaya na kuchomoka, nondo yenye mistari inanasa tunduni.

Mlango ukiwa umefungwa chini, bana vaisi gripu kwenye reli zote mbili juu ya roli ya tatu ili usiruke juu. Kebo ishuke kutoka nyuma ya dramu, upande wa ukuta, ikaze pande zote mbili sawa kabla ya kubana skrubu za dramu. Hapa ndipo mlango unapopata kuinama au kutoinama. Chora mstari wa chaki kando ya springi nzima ikiwa imelegea. Simama pembeni, usiwe mbele ya koni. Robo kwa robo, chuma kimoja hakitoki kabla kingine hakijaingia mpaka mwisho. Ukimaliza, ule mstari wa chaki umejizungusha kama skrubu, hesabu mizunguko yake: saba na nusu. Ukiona saba upande mmoja na nane upande mwingine, rudia.

Kisha bila mota, nyanyua hadi kiunoni uachie. Ukikaa hapo, umepatia. Ukishuka, ongeza robo kila upande. Ukipanda wenyewe, punguza robo. Kwa pea hii na kilo 85, utapanda. Ukirudisha chuma cha kukazia, naamini utakaa.

#38 Timazi
Na bawaba zisichanganywe kwenye kiroba. Zile za pembeni zina namba zilizogongwa: 1, 2, 3. Namba 1 ni kiungo cha chini, 2 cha kati, 3 cha juu. Za katikati ya mlango zote ni namba 1. Kila namba inasogeza roli mbali zaidi na ukuta, kwa sababu reli inaegama kadiri inavyopanda. Ukiweka namba 3 chini, mlango unabana na unasita. Roli zihesabiwe ziwe 10.

#39 Mzee wa Goba
Nimempigia muuzaji muda huu. Nimemwomba mwanaye apige picha paneli kwa ndani. Paneli ya pili kutoka chini ina safu ya matundu matupu, kumi na manne, kutoka mwisho hadi mwisho. Roli ziko 9. Bawaba za pembeni: namba 1 mbili, namba 2 moja, namba 3 tatu.

#40 Ohio Baridi
Nilijua. Chuma kimebaki huku.

#41 Timazi
Namba 3 tatu? Basi moja ilikuwa imewekwa mahali pa namba 2. Kama ilikuwa kushoto, kiungo cha kati upande huo kilikuwa kinabana roli. Hiyo nayo inatosha kusitisha mlango katikati, bila reli, bila dramu.

#42 Mama Fremu
Kwa hiyo hadi sasa ana springi mbili zisizofanana, reli iliyonyooshwa kwa nyundo, jicho moja, roli tisa, bawaba yenye namba siyo, chuma kimepotea na mota ya hezi nyingine. Na bado hamjamwambia aache!

#43 FundiSpringi
Bi mkubwa, paneli ni nzima na uzito unajulikana, hivyo vingine ni vyuma. Chuma cha kukazia fundi wa bati anakukunjia U ya mm 1.2. Roli na bawaba zinaagizwa au zinachongwa. Mimi ningemtolea 600,000 bila mota.

#44 Umeme Jua
Bila mota naafiki. Mota ya 230 inunuliwe hapa.

#45 Mama Fremu
Reli yenye pigo la nyundo mimi nisingeitolea hata hiyo laki sita.

#46 Binti Kisauni
Mzee, ukirudi huko Jumamosi, raba ya chini. Ichomoe kabla hujataja bei.